Ngano Yako Imetoa Masuke, Mama Sekela

Mke wangu,

Ngano yako imetoa masuke. Salamu baadaye, maana ungenikatiza.

Naandika kwa mkono wangu. Mwinjilisti alitaka kuniandikia, nikamwambia kaa hapo, mimi nimelima mlima huu kabla hujaota meno. Huku juu ya Uyole hakuna anayenishinda jembe. Ulijua, ila ulikuwa husemi.

Unakumbuka ile mbegu kaka yako aliyoleta toka shamba la mzungu kule Iringa? Alisema kwao Ulaya hulala kwenye baridi miezi mizima, bila hivyo haizai. Ukailoweka. Ilipoanza kuchungulia ukaitia chunguni, ukakiweka bondeni karibu na kijito, wakati ule umande unaganda mweupe. Kisha ukaenda Kihesa, Sekela amejifungua. Ukaniambia, "Baba Sekela, usiiguse mpaka nirudi."

Niliigusa. Siku ya nne tu nikaipandisha darini, juu ya moto, pamoja na mahindi. Kwetu mbegu njema ni ile iliyokula moshi, nikasema mwanamke huyu ataiozesha. Uliporudi nilikuwa nimeirudisha chunguni, nimeinyunyizia maji, nimenyamaza.

Ikaota majani matupu. Mbuzi wakashiba. Nawe ulikwisha waahidi kina mama wa kanisa mkate wa Jumapili ya mavuno. Wakakuita Mama Majani, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Umekufa ukidhani ulikosea wewe.

Basi nikachukua konzi tatu za mbegu ulizobakiza, nikaziloweka kama ulivyofanya. Chungu kikakaa bondeni wiki saba, nikishuka kila asubuhi na goti hili bovu kukiangalia. Nikapanda, nikamwagilia kwa ndoo. Ulisema inataka na mwanga, kwa hiyo nusu nikaipanda kivulini chini ya miti ya miwati, kwa ubishi tu. Ya juani ikatangulia, masuke marefu. Ya kivulini ikachelewa, nyembamba. Umenishinda mara mbili, yatosha.

Sekela akaja kuoka. Jumapili ya mavuno nikabeba mkate kanisani, watu wakasema, mzee, wewe ni fundi! Unajua ninavyopenda maneno hayo. Nilikwisha simama kuyapokea. Nikajikuta nasema: fundi ni Mama Sekela, na mbegu yake niliiharibu mimi.

Kisha yule mama aliyeanzisha lile jina akapaza sauti, "Kumbe Majani ni wewe!" Mchungaji mwenyewe alicheka. Sasa naitwa hivyo mpaka gulioni, na naitika. Nalala vizuri, mke wangu, tangu siku ile.

Pumzika. Mbegu mpya nimewagawia wale wale kina mama, kila mmoja konzi yake. Baridi ikianza nitawashusha bondeni, niwaonyeshe mahali ulipokiweka chungu. Nakuahidi nitasimama pembeni, mikono mgongoni.

Mumeo,
Baba Sekela