Maneno ya Mama Mkononi mwa Mashaka

Mbuchi,
Rufiji.
14 Agosti, 1993.

Mpendwa kaka Abdulatifu,

Assalaam alaykum. Habari za Tanga, na kifua chako kimepoa? Shemeji Rukaiya hajambo? Sisi wazima, ila mwanao Mashaka. Yu hai, kaka. Nimelitanguliza hilo kwa sababu yanayofuata ni mabaya, na mkono wangu umo.

Tangu aje kwangu na robota lake la mitumba, watu walimtazama kwa jicho baya. Kisa, kachorwa kwa sindano mkononi, mistari miwili ya herufi za Kiarabu, wino usiofutika. Hapa kwetu mwenye mchoro mwilini ni mhuni au katoka jela, basi. Hata mimi nilisema hivyo, tena mbele yake. Nikamwambia avae mikono mirefu asinitie aibu. Sikumuuliza kaandika nini.

Mwezi wa sita ikaibwa mashine ya boti ya mnunuzi wa kambamiti. Hakuna aliyehangaika kufuata nyayo kwenye tope. Watu walikwenda moja kwa moja kwa Mashaka, saa sita mchana, wakamchania shati. Jirani yangu Sadala alipoziona zile herufi akapayuka kwamba kijana kajichora Kurani na anaingia nayo chooni. Hapo ikawa si habari ya wizi tena. Walimpiga kwa fito za mikoko, wakamkanyaga usoni mpaka meno mawili yakamtoka.

Akachomoka, akakimbilia kwangu. Nilimwona anakuja, damu mpaka kiunoni, nami nikatia komeo. Niliogopa wasije wakanichomea nyumba. Akawa anagonga na kuita, "Baba mdogo, nifungulie." Mimi nimeuegemea mlango kwa bega. Kisha nikasikia panga, na kugonga kukakoma.

Walipotawanyika nikafungua. Panga limempata mkono uleule, limeingia mpaka mfupani. Nilipokuwa namfunga kwa kanga ya mke wangu Zamda, nikimfuta damu, ndipo nikasoma. Haikuwa Kurani. Ni Kiswahili kitupu, yale maneno aliyotunga marehemu mama siku ulipoondoka wewe kwenda Tanga, akayaandika kwenye kifuniko cha sanduku lake:

Ukienda mbali mwana,
mlango sitoufunga.

Chuoni kwa mwalimu wa Kurani tulikaa sote, kaka, mimi na huyo Sadala. Kusoma tunajua. Tuliona herufi tu, tukaona inatosha.

Tulimpeleka hospitali Kibiti kwa mtumbwi, kisha kwa lori. Wiki mbili baadaye mashine ikaonekana kwenye mikoko, kaificha mlinzi wa boti mwenyewe. Sadala siku hizi akiniona anageuza njia.

Mashaka amerudi. Vidole vitatu havikunjiki. Hanitukani, kila asubuhi ananiamkia, na hilo ndilo linaloniua. Analala barazani, chakula Zamda anampelekea hukohuko. Komeo nimeling'oa, mlango u wazi kutwa kucha, kuku wanaingia na kutoka. Yeye haingii.

Njoo umchukue, kaka, au njoo unipige. Lakini njoo.

Zamda na shangazi Mwantum wanakusalimu sana. Nisalimie shemeji na watoto. Mwenyezi Mungu akufikishe salama.

Nduguyo akupendaye, ingawa sina uso wa kulisema hilo,

Fikirini