Doa Jeupe kwenye Mrija

Jumapili, 5 Oktoba
Mama mkwe ameamua. Kizazi kinatolewa Jumanne, kwa matundu madogo na kamera, na wa kukitoa ni Profesa Bahgat. Si mimi, mkwewe daktari! Kawaambia majirani ngazini, makusudi nisikie: Safinaz hata bamia hajui kukata, ndiye anikate mimi? Wakacheka. Mume wangu Wagdi akajifanya anatafuta viatu.

Haya. Mimi nitashika kamera tu. Profesa mwenyewe kanipangia.

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimemfuata ofisini. Nikamwambia huyu mama kazaa kwa kisu mara tatu, ndani kumenatana. Tuutafute kwanza mrija wa mkojo, ule unaotoka kwenye figo kwenda kibofu, maana unapita chini ya mshipa wa damu tutakaoukata. Akacheka na chai mdomoni. Binti, nilikuwa natoa vizazi wewe unanyonya!

Kumbe kesho ana madaktari wageni ukumbini, watamtazama kwenye skrini. Anataka waone alivyo mwepesi. Namchukia. Basi, nimeandika.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimefukuzwa thieta!

Mambo yalikwenda mpaka mshipa ukapasuka. Skrini nyekundu tupu. Badala ya kubana na kutulia, akachomeka koleo la moto akaunguza — haoni kitu! Damu ikapungua, akataka kuunguza tena. Nikaivuta kamera nyuma. Kamera! Shusha kamera! Nikasema nitaishusha akikubali kuutafuta mrija kwanza. Sista Awatif, anayempa vifaa, akamnyooshea kitambaa. Na wageni wote wanatazama. Bila kamera yangu yeye ni kipofu, atafanyaje? Akakubali. Akabana kwa kitambaa, nikaishusha, akafungua utando unaoufunika mrija huku ananitukania mama yangu.

Mrija huo hapo, umenata nyuma ya mshipa. Akaugusa, ukajinyonganyonga kama mnyoo. Mzima. Ila chini kidogo — doa jeupe. Moto wa kwanza ulishaulamba. Nilichelewa.

Nikamnong'oneza: tumwite daktari wa mirija, auwekee mpira mwembamba ndani, upone. La sivyo utatoboka siku zijazo, mkojo umwagike tumboni. Hakuna doa, akasema kwa sauti, ukumbi usikie. Akikubali mpira, wageni watajua kakosea. Akamaliza, wakampigia makofi. Makofi! Mlangoni akaniambia nisikanyage tena pale.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mama karudi nyumbani. Wagdi kampelekea Profesa maboksi mawili ya halua za maulidi, ya shukrani. Nilimweleza habari ya doa. Kasema nina wivu. Mimi!

Nimemwomba mama apigwe picha ya mirija. Hataki. Profesa wake kamwambia yote: mke wa mwanao alitaka kukuua kwa ubishi. Supu niliyompikia kampa paka.

Jumatatu, 13 Oktoba
Ubavu wa kushoto unamuuma, anakunja uso akidhani simwoni. Nimempigia Profesa. Gesi hiyo, mpe mnanaa! Akakata simu. Mshenzi.

Baadaye. Wagdi yuko kazini. Nikasikia naitwa, kwa jina langu. Mama kajifunika mpaka shingoni, anatazama ukutani. Shuka limelowa tangu alfajiri. Chooni kaenda, na bado linalowa, lenyewe tu, hawezi kulizuia. Alikuwa akijifutafuta peke yake kwa taulo, asubuhi nzima! Usimwambie mwanangu, kasema. Nikashika simu nimpigie tena Bahgat. Akanidaka mkono.

Asije yule. Nitazame wewe.

Nimemtazama. Ni mkojo: mrija umetoboka, unavujia kwenye mshono wa ndani. Ana homa pia. Nimeita gari la wagonjwa. Daktari wa mirija wa karibu yuko hospitali yetu ile ile, na zamu ya leo ni ya Bahgat. Mlango ule ule. Nitaukanyaga, anipige akitaka.

Honi inalia chini. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili mama hajauachia bado.