Simba Aliyeshuka Kisimani

Jumatatu, 3 Machi

Nimemnyang'anya Chiriku kitabu. Mjukuu gani huyu! Namtuma apepee mkaa wa pasi, nakuta moto umezimika, yeye kakaa juu ya ndoo anasoma. Kanzu kumi na nne za ubatizo zinanisubiri, mikono yangu miwili. Na moja ni yake mwenyewe!

Nikamwuliza kinasema nini hicho. Kuna simba, Bibi, analinda kisima, anaongea. Anaongea! Na kuna chui kavaa aproni. Nikamwambia kama chui huyo anajua kunyoosha kola, aje. Kama hajui, kitabu kinalala kabatini chini ya mabaki ya vitambaa.

Kanuna. Kanuna kama babu yake, mdomo mbele. Anune.

Jumatano, 5 Machi

Nimeanza kukisoma. Simwambii mtu.

Nilitaka kujua ubaya wake, ili nikimkaripia nimkaripie kwa haki. Niliishia darasa la tatu lakini herufi hazijanishinda. Natembeza kidole chini ya mstari, taratibu, kama napitisha kitambaa chini ya sindano. Wenye haraka ndio wanaojitoboa.

Upuuzi mwingi. Kasa anafundisha hesabu. Lakini huyo Simba wa Kisima — hacheki ovyo, haongei ovyo. Watoto wanamwogopa na bado wanamkimbilia. Nimependa hilo. Siku hizi mtu akipendwa na watoto basi anageuka kikaragosi.

Pasi imeniunguzia upindo mmoja. Nimefumua, nimeshona upya.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemaliza. Kushona kumenishinda leo.

Ukame umeingia. Kuna sheria ya kisima: mwizi wa maji anashushwa kisimani na mdomo wa kisima unafunikwa kwa jiwe la kusagia. Msichana mmoja kaiba, tena si kwa kiu, kwa kiburi tu. Wanamfunga kamba. Simba anasema mfungueni, nifungeni mimi. Wanyama wanamzomea, wale wale aliowanywesha! Anashuka. Kabla ya kushuka anamwambia msichana, miguu yangu inatetemeka, nishike kidogo. Jiwe linawekwa. Siku moja. Ya pili. Asubuhi ya tatu jiwe limepasuka, maji yanatoka kama yamefukuzwa, na Simba kasimama pembeni, kiganja kina kovu la kamba. Msichana haamini. Anaambiwa, gusa.

Mimi huyu namjua! Nikapiga kelele peke yangu hapa chumbani. Namjua huyu!

Niseme kweli, maana hapa hasomi mtu. Miaka yangu yote kanisani nimesema alikufa kwa ajili yangu kama mtoto anavyosema mbili mara mbili. Nilikuwa najua. Sikuwahi kumwona akiogopa. Leo nimemwona, ana manyoya, miguu inamtetemeka. Nimelia. Chiriku aliporudi shule nikasingizia moshi wa pasi.

Nimemrudishia kitabu. Nimemwambia, haya mke mwenzangu, nisomee tena pale pa kisimani, wewe una sauti nzuri. Kanitazama kama nimeota mkia.

Lakini Simba kutoka kisimani manyoya makavu? Hilo mwandishi kadanganya. Kitu kikitoka majini kimelowa.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa.

Leo mtihani wa ubatizo, kwa mdomo, mbele ya wazazi. Mwalimu wa ubatizo anawauliza mmoja mmoja. Kafika kwa Chiriku: nani alikufa badala yako? Mtoto akajibu, Simba.

Watu wakacheka. Akaongeza, yaani Yesu, Mwalimu, ila kwenye kitabu ni Simba, ni yeye yule. Mwalimu kageuka rangi. Kasema simba ndiye shetani, anazunguka akinguruma kutafuta wa kumla, imeandikwa. Kasema kuabudu wanyama kumeingia darasani kwake. Hukumu: Jumapili ya ubatizo, tarehe 16, Chiriku asimame mbele ya kanisa, aseme Simba ni uongo, kitabu kichomwe. Asipotaka, asubiri mwaka mwingine.

Mtoto kashika mkono wangu njia nzima. Hakutoa neno. Chiriku! Ambaye hata usingizini anaongea!

Jumapili, 9 Machi

Nilimngoja Mwalimu mlangoni baada ya ibada. Shikamoo Bibi, kasema, kwa ile sauti yake ya mafuta. Kaptula yake ya kwanza ya shule nilimshonea mimi, na alikojoa humo humo siku ya kwanza, sasa ananiletea sauti ya mafuta.

Nikamwuliza, umeimba nini leo? Kasema, wimbo wa Yesu ni mwamba. Nikasema, na hukuogopa tutakwenda kuabudu kokoto? Yesu mwenyewe alisema yeye ni mlango. Mzabibu je? Mkate? Na mwanakondoo mnayemwimba kila wiki si mnyama, ni nini, kabichi? Na Simba wa Yuda yumo kwenye Biblia hiyo hiyo, mwisho mwisho, au hujafika huko?

Wanawake wakaziba midomo kwa khanga. Wengine hawakuziba.

Akasema, Bibi, Biblia ni neno, hicho ni kitabu cha hadithi. Nikamwuliza, na yule baba aliyemkimbilia mwanawe mpotevu alikuwa anakaa mtaa gani? Unamfahamu? Si hadithi ile?

Basi akarudi kwenye cheo: mimi ndiye mwalimu, nimeshasema. Debe tupu haliachi kuvuma.

Jumanne, 11 Machi

Rafiki yangu Mama Kwaya kaja, kajifanya anataka kifungo. Mwimbishaji yule, shingo yake ndefu inafika mahali kabla yake. Kasema, shoga, mwambie mtoto aseme tu yaishe, maneno matatu, Mungu anajua moyo. Binti yangu, mama yake Chiriku, naye kapiga simu kutoka kazini kwake mbali, hilo hilo: Mama, usimharibie mtoto siku yake kwa ubishi wako.

Ubishi wangu! Nimekata simu.

Kisha nimekaa. Labda ni kweli. Labda ninampigania mimi Simba, na mtoto anataka tu kanzu yake na maji kichwani kama wenzake. Nimekula chumvi nyingi, naweza kukaa bila watu kunisalimia. Yeye ana miaka kumi na moja.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwuliza. Nilikuwa nampima urefu wa kanzu, kasimama juu ya kiti, mimi pini mdomoni. Nikasema, mjukuu wangu, ukisema Simba ni uongo, mimi sitakasirika. Nilisema polepole. Ilinichoma kuliko pini.

Akafikiri. Akasema, Bibi, nitaingiaje majini na uongo mdomoni?

Nusura nimeze pini.

Akasema anaogopa. Miguu, Bibi, inatetemeka. Nikaishika yote miwili, nikasema simama wima, nisije nikakukata upindo upande.

Sasa nimejua. Si ubishi wangu. Na huyo mtoto atabatizwa Jumapili hii hii, au watanitoa kanisani wamenibeba, na mimi si mwepesi.

Mchungaji anarudi safari kesho. Hajui lolote. Kaambiwa tu na Mwalimu kwa simu kwamba kuna binti kaingiwa na sanamu.

Jumapili, 16 Machi

Naandika juu ya goti, ofisini kwa Mchungaji, nyuma ya kanisa. Nimekalia sanduku la bati. Ndani ya sanduku kuna kanzu kumi na nne, nyeupe, hazina mkunjo hata mmoja. Hazitoki.

Niliingia nazo mapema. Nikamwamkia Mchungaji, nikampa kitabu. Nimekuwekea uzi mwekundu, nikamwambia, soma kuanzia hapo mpaka jiwe linapopasuka, kisha ukamwambie mtoto akane. Akasema, mama yangu, nitasoma kesho, watu wamejaa. Nikafunga sanduku. Nikalikalia. Nikasema, kesho mtabatiza, basi.

Mwalimu akataka kuninyanyua. Akashika bega. Nikamtazama tu. Kaliachia.

Mchungaji kacheka kidogo, ile ya kuchoka, akakaa. Kavaa miwani. Alianza kwa kupekua kama mtu anayetafuta chawa. Ukurasa wa pili mkono ukapunguza mwendo. Sasa anasoma kwa kidole. Yeye, mtu wa chuo!

Nje wanaimba. Mama Kwaya kaurudia wimbo mara ya tatu, nasikia sauti ya pili imeanza kukauka. Chiriku kasimama mlangoni na gauni la nyumbani, wenzake kumi na tatu nyuma yake, wote na magauni na kaptula za nyumbani. Hakuna aliyemcheka. Kaninong'oneza, Bibi, kafika wapi? Nimempigia hesabu ya kurasa. Pale pa nishike kidogo, nimemwambia. Yuko hapo.

Mwalimu kachungulia tena. Mchungaji, watu wanangoja.

Mchungaji hakuinua macho. Kainua mkono tu. Waimbe, kasema.

Mwalimu kasema lakini —

Waimbe.

Kavua miwani. Anaifuta kwa ncha ya joho, joho nililomshonea mwenyewe. Kavaa tena. Hanitazami.

Amerudi nyuma ukurasa mmoja, anasoma tena pale pa kisimani.