Mkwe Wangu Kwenye Intavyu

Jumanne

Mimi ningejuaje kama ndiye ameketi pale? Niliingia kuulizwa maswali ya kazi ya upishi wa shule, na kati ya wale watatu mezani nikamwona mkwe wangu, mume wa binti yangu Ayuma. Kumbe siku hizi ndiye anatunza stoo yao.

Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Nikageuza kiti, nikaelekea dirisha.

"Mama, mbona unatupa mgongo?" mwalimu mkuu akauliza. Yeye ni mgeni huku. Nikamjibu yote, ya maji, ya unga, ya kuni, lakini macho dirishani. Akacheka. "Dirisha halitakuandika kazi, mama."

Mkwe wangu akasimama. "Mwalimu, huyu ni mama mkwe wangu. Wacha nitoke."

Alipotoka nikageuka, nikaongea vizuri, hata nikawachekesha. Halafu mwalimu akauliza, "Na kila asubuhi unga utachukua kwa nani, kama si kwake?"

Nikarudisha macho dirishani. Wakasema watanipigia.

Ee Mungu, naitaka hiyo kazi. Miaka yote napikianga matanga na harusi za watu, nikimaliza narudi kungoja mtu mwingine aniite. Natamani jikoni ambayo kesho yake bado ni yangu. Nimeiona leo, ina masufuria makubwa na dirisha la kutoa moshi.

Na jibu nimelipata nikiwa nasonga obusuma, ugali wetu wa jioni. Mkwe angepima unga, auache mlangoni, aende zake. Mimi ningechukua.

Ni hilo tu. Mbona sikusema?