Jicho la Barabara na Jicho la Nyumbani

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumapili, tarehe 13 mwezi wa sita.

Mpendwa wifi yangu,

Nianze kwa kukuomba radhi. Barua yako ilinifikia kabla mvua hazijaanza, na sasa mvua zinaelekea kwisha, nami sijajibu hata mstari mmoja. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa safarini. Nilikuwa na hasira, na mimi nilifundishwa, kisha nikawafundisha wengine, kwamba mtu hashiki kalamu akiwa na hasira. Nilingoja zipoe. Hazikupoa zote, lakini zilizobaki zinaandikika.

Hujambo wewe? Hawajambo watoto na baba yao? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua unapoinama umepata nafuu? Sisi huku hatujambo, kwa maana kwamba tunakula, tunalala na tunaamka. Magoti yangu yangali yakilalamika ngazini. Kaka yako ni mzima wa mwili. Kuhusu macho yake, huko ndiko ninakoelekea.

Unajua kwamba tangu ujana wake haoni mbali. Bila miwani, mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara kwake ni kivuli tu. Lakini kitu cha karibu hukiona kuliko mimi na wewe. Ndiyo maana hata katika umri huu hutunga uzi kwenye sindano kwa mara moja, na ndiyo maana mafundi nguo wa mji mzima wakiharibikiwa na cherehani humwita yeye. Akiwa kwenye pikipiki huvaa miwani. Akifika kwa mteja huivua, huitia mfukoni, huinamisha uso mpaka pua ikaribie kugusa mashine, na ugonjwa wa mashine huonekana.

Akirudi nyumbani pia huivua. Hili sijapata kumwambia mtu. Huvua helmeti, huvua miwani, halafu hunisogelea na kunitazama usoni kutoka karibu sana, ndipo anisalimie. Tangu tuoane nimetazamwa hivyo. Wanawake wengine walipewa mikufu. Mimi nilipewa hicho, na nilikihesabu kuwa changu peke yangu.

Mambo yalianza na mvua. Miwani ndani ya helmeti hushika ukungu, kwa sababu pumzi haina pa kutokea. Ninapokuwa nimeketi nyuma yake hilo halina madhara, maana tuna mpango wetu wa siku nyingi: shimo likiwa kushoto humgonga bega la kushoto, likiwa kulia humgonga la kulia, na gari likija kwa fujo humfinya mbavu. Siku hiyo sikuwa naye. Alikuwa ameitwa na mama mmoja anayeshona sare za shule. Njiani mvua ikamshika, miwani ikafanya ukungu, akainua kioo cha helmeti ili aone, matone yakaijaa miwani, akaingia mtaroni yeye na pikipiki yake. Alirudi akiisukuma, ana matope mpaka kwenye nyusi, na mkono mmoja wa miwani umepinda kama mguu wa panzi. Nilipomwuliza kilichotokea, alinieleza kwamba mtaro ndio uliomgonga.

Hakuumia, namshukuru Mungu. Lakini nilimwambia atafute dawa ya jambo hilo, la sivyo aiuze pikipiki. Neno hilo nililitamka mwenyewe, sikatai. Akanijibu kwamba dawa ipo na ameiona kwa dada yake. Akaitoa ile picha uliyotutumia, umesimama mbele ya ofisi yako bila miwani, unacheka. Akasema kwamba ikiwa dada yake wa tumbo moja anavaa lenzi machoni na hajapofuka, yeye ana upungufu gani. Basi usinishangae nilipokaa kimya. Wewe ndiye uliyemtia jambo hili kichwani.

Mara ya kwanza alikwenda kliniki ya macho peke yake. Nilitarajia kwamba mtaalamu wa macho angekuwa mzee mwenzetu, mwenye mvi na kikohozi. Kumbe ni binti mrefu, mwenye sauti ya kubembeleza kama ya mtu anayemlisha mtoto uji. Lenzi zenyewe wewe unazijua: kitu chepesi kama utando wa ndani wa kitunguu, hukaa juu ya mboni. Kaka yako, ambaye vidole vyake hufungua skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, alishindwa kuiweka. Kila akisogeza kidole, jicho hujifumba kama duka lililoona mwenye kudai kodi. Binti akamwekea. Akampa jozi ya majaribio na kumwagiza apite kwake kila asubuhi awekewe, na jioni avuliwe, mpaka atakapozoea.

Kila asubuhi, wifi. Tafadhali urudie kuusoma mstari huo.

Nikaanza kuona mtu anaoga mapema. Nikaona ndevu zinanyolewa siku ambazo hazikuwa zamu yake. Alipopiga mswaki kwa bidii ambayo sijaiona tangu posa yetu, nilimwuliza ni lini macho yalianza kupigiwa mswaki. Akasema mtu anapokuwekea uso wake karibu na wako, ni adabu kujitayarisha. Alilisema hilo bila hila yoyote, akifunga viatu. Chai yangu ilipoa mbele yangu.

Kisha yule mama wa sare akamwambia kwamba kumbe ana macho mazuri. Akaja kunihadithia kana kwamba ni habari ya kunifurahisha. Nilimwuliza kama siku zote hizo walidhani ni vifungo.

Lakini huo ulikuwa wivu mdogo, ambao hata mwanamke mwenye akili anaweza kuuzungumza kwenye barua. Mkubwa ulinijia Jumamosi iliyofuata. Alinipandisha nyuma twende sokoni, kwa ile barabara iliyochimbwa na malori. Nikaona shimo kushoto, nikamgonga bega.

“Nimeliona, Mwalimu,” akasema, bila kugeuka.

Nikaona jingine kulia, nikagonga. Akasema vilevile. La tatu sikuligonga, nikataka nione. Alilikwepa vizuri kuliko siku zote. Nilikaa pale nyuma kama gunia la mkaa, mikono yangu imeachishwa kazi bila barua. Nilikwisha kustaafu ualimu kwa heshima, nikaagwa kwa hotuba. Huku nimestaafishwa kwa maneno mawili.

Tulipofika nyumbani alivua helmeti. Asubuhi ile nilikuwa nimesuka nywele upya, kwa hiyo nilisimama palepale mlangoni nikamngoja. Akanisogelea kama ilivyo desturi yake. Akakunja uso. Akarudisha kichwa nyuma, akakileta mbele tena. Halafu akanishika mabega yote mawili, akanisogeza nyuma mpaka mikono yake ikanyooka.

“Simama hapo,” akasema. “Hapo sasa. Umependeza.”

Lenzi zinazompa barabara, wifi, zinamnyima vya karibu. Akiwa amezivaa anaona bango la mwisho wa mtaa, lakini pua yangu haioni. Nimependeza kwa mbali. Hata bango la sabuni hupendeza kwa mbali. Na kazini vivyo hivyo: amelazimika kununua miwani ya kusomea ili aone tundu la sindano, anaivaa juu ya lenzi. Mtu aliikimbia miwani, akaikuta inamngoja mlangoni kwa mteja.

Jumatatu nilifuatana naye kliniki. Nilivaa viatu vyangu vyeusi, vile nilivyokuwa nikivivaa wakaguzi walipokuja shuleni, na sitakuficha kwamba nilikwenda kwa nia ya kugombana. Binti alipofungua mlango alinitazama, kisha akamtazama kaka yako.

“Huyu ndiye Mwalimu?” akauliza. “Shikamoo, mama. Mzee hapa hanisikii. Nikimwambia asipepese, ananijibu kwamba hata Mwalimu ameshindwa.”

Ugomvi wangu ukakosa pa kuanzia. Nilikuwa ningali nikiutafuta alipoufungua mfereji na kuniambia ninawe mikono kwa sabuni, nisuuze vizuri, niikaushe kwa kitambaa kisicho na nyuzi, nije nijifunze. Alisema kope ya juu ishikwe na kidole cha mkono mmoja, ya chini ishikwe na cha mkono wa pili, na lenzi ikae kwenye ncha ya kidole cha shahada. Nikamshika kaka yako kichwa. Akalalamika kwamba mkono wangu ni mzito. Nikamwambia anyamaze, atazame juu. Lenzi ya kwanza iliangukia kwenye masharubu, tukaiosha kwa maji yake maalumu. Mara ya pili ilikaa. Binti akasema mkono wangu umetulia kuliko wake. Mimi si mtu wa kupumbazwa na sifa, lakini nakuarifu kama ilivyosemwa.

Basi habari za kila asubuhi kliniki zimekwisha. Sasa namwekea mimi, jikoni, karibu na dirisha. Ila sikiliza mzaha wa jambo lenyewe. Kabla sijamwekea, macho yake hayana kitu, nami niko karibu kabisa, kwa hiyo ananiona wazi kama zamani. Anatabasamu. Halafu mimi mwenyewe, kwa kidole changu, naiweka lenzi, na ninamwona akinipoteza. Wivu ni kidonda, nao wanaosema hivyo hawakuambiwa kwamba mtu anaweza kujitia kidonda hicho kwa mkono uliotulia.

Nilimweleza binti shida ya karibu. Alinisikiliza vizuri, lazima niseme haki. Akasema kaka yako anaweza kubaki na lenzi zote mbili pamoja na miwani ya kusomea, lakini kwenye pikipiki vumbi ni adui, kwa hiyo asiinue kioo cha helmeti kamwe na miwani ya akiba isitoke mfukoni. Au arudie miwani, ila iwe mipya yenye mikono myembamba inayopita ndani ya helmeti bila kubana, na vioo vilivyopakwa kitu cha kuzuia ukungu. Kwa mvua kubwa hakutaka kuapa. Au avae lenzi katika jicho moja tu, la pili liachwe kama lilivyo, moja lione mbali na moja lione karibu. Wako wanaozoea, alisema, na wako ambao hawazoei kabisa na hushindwa kukadiria umbali, kwa hiyo ajaribu kwa miguu kwanza na asiguse pikipiki mpaka yeye apime na kuridhika. Nikamkumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka. Akacheka, akamwuliza kaka yako anachagua lipi.

“Mwalimu ndiye ataamua,” kaka yako akasema. “Nikiamua mimi, nitalaumiwa kwa lolote.”

Sasa umeona nilipo. Nikisema miwani, kisha mvua ikamtupa tena mtaroni, itakuwa ni wivu wangu uliomsukuma. Nikisema lenzi, nimeikabidhi barabara macho yake yote mawili, nami nimebaki mke mdogo katika nyumba yangu mwenyewe, na mke mkubwa ni lami. Nataka aione njia, arudi mzima. Nataka pia, akirudi, ajue ni nani aliyemfungulia. Sijawahi kuwapa wanafunzi wangu swali lisilo na jibu, na silipendi hili.

Tangu jana anajaribu lenzi ya jicho moja, la kulia. Pikipiki imefunikwa turubai. Jana alipiga teke ndoo na kumimina chai kwenye kisahani. Leo amekuwa akizunguka ua kwa mwendo wa mtu anayepima kiwanja, nami nilikuwa kizingitini nikichekecha unga. Akasimama, akafumba jicho la kushoto, akaniambia kwamba anamwona mlinzi wa kiwanda cha mbao akipiga miayo. Akaja mpaka nilipo, akafumba la kulia, akausogeza uso wake kwenye wangu kama zamani.

“Hili linakuona wewe,” akasema. “Una unga shavuni.”

Sikuufuta unga huo haraka. Nilimwuliza akifumbua yote mawili anaona nini. Akarudi nyuma hatua moja, akayafumbua, akapepesa, akafikiri kama mtu anayejibu mtihani.

“Nakuona wewe,” akasema, “umeniziba barabara.”

Tangu asubuhi nalipima jibu hilo na sijajua nilipe alama ngapi. Wewe uliyezivaa siku nyingi, niambie ukweli wala usinitulize: mume wako akikukaribia, unamwona, au unamsogeza nyuma? Na tafadhali, usitume picha nyingine mpaka jambo hili liishe.

Unisalimie shemeji, na mwambie ile redio yake bado tunaisikiliza. Wasalimie watoto wote, hasa kitinda mimba wako anayeandika herufi kubwa katikati ya neno. Aache. Shangazi yenu anayekaa nawe umpe shikamoo yangu kwa mikono miwili. Kaka yako anakusalimu pia. Amesema nikuandikie kwamba wewe ni mrembo kwa mbali na kwa karibu, nami nimeandika kwa sababu ameniomba.

Mungu akulindie macho uliyonayo na mgongo unaoyabeba. Tutakapoamua nitakuandikia, tena siku hiyohiyo, kabla hasira haijapata nafasi ya kuingia. Hadi hapo turubai haliondoki, na siku litakapoondoka, kwa jicho lolote lile, nitakuwa nimeketi nyuma na mikono yangu mabegani mwake.

Ni mimi nikupendaye, hata ninapokukasirikia,
Wifi yako, Mwalimu.