Si Moto wa Bani, Si Mkanda

Katumba, Mpanda

Mama Kulwa,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu mama, halafu Kulwa na Doto. Mimi nipo, nakula na natembea. Sijui kama pamba yenu huko Maswa imepona wadudu na kama goti la mama limepoa. Huku mvua zimekwisha na tumbaku ya mwisho imeshatoka bani.

Shemeji Luhende alinifikia. Aliacha ng'ombe wake upande wa mtoni akaja hadi kambini kwetu. Hakuingia ndani. Alikaa nje kwenye gogo la kuni, akasema habari za ngozi yangu zimefika huko, na dada yake kamtuma neno moja tu: "Ni moto, au ni mkanda?" Nikamwambia nitajibu kwa karatasi. Barua hii isome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Ilianzia mdomoni. Nilipata vidonda ndani ya mashavu na kooni, hata uji ukipita natoa machozi. Nikadhani ni moshi, maana kazi yangu ni kuchochea moto wa bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku. Unakaa mbele ya tanuri, unaangalia moto usizidi wala usizimike. Baadaye yakatoka malengelenge kifuani na mgongoni. Yalikuwa laini kama utando wa maziwa yaliyochemka. Nikivua shati, ngozi inaondoka na shati.

Mwenzangu wa tanuri ni Baranaba, Mrundi wa hapa Katumba, mtu mzima asiye na maneno mengi. Yeye alisema nimesinzia moto ukanibabua. Wote wakakubali, na mimi sikubisha. Moto hauna aibu. Akatafuta sungura, akanipaka asali mgongo mzima na kunibandika manyoya, kama anavyotibiwa mtu aliyeungua. Manyoya yakagandia kwenye nyama. Wenzangu wakaanza kuniita Sungura, na nikipita wanaulizana nani kafungia karanga zake.

Mgongo ulipoanza kunuka, Baranaba alinipakia kwenye baiskeli akanipeleka hospitali mjini. Muuguzi alinilowesha kwa maji ya chumvi asubuhi nzima, akiyatoa manyoya kidogo kidogo. Daktari alipokuja alisimama kwanza, halafu akauliza, "Nani kamgeuza huyu mnyama?" Baranaba akanyoosha kidole kama yuko darasani. Nilicheka, na midomo ikapasuka.

Daktari alisema si moto. Akasema wala si mkanda wa jeshi, kwa sababu mkanda hukaa upande mmoja wa mwili na haya yangu yalikuwa kila mahali. Alikata kipande cha ngozi kikapelekwa mbali kupimwa. Damu waliipima palepale, na majibu yake yakatangulia. Nina virusi vya UKIMWI. Najua hilo ndilo ulilouliza, ingawa neno ulilotumia ni mkanda, ambao watu huuona kuwa dalili yake. Nimevipata wapi na lini, siwezi kusema kwa hakika. Utaniuliza uso kwa uso, nami nitakujibu.

Majibu ya ngozi yalichelewa. Yalipofika, daktari alituita mimi na Baranaba, akatueleza kwamba askari wa mwili wangu wameigeukia ngozi yangu wanaishambulia. Ugonjwa huo wa ngozi hauambukizi mtu. Nikamwuliza, kwa sababu hapa kambini walikuja watu kutufundisha habari za UKIMWI na hayo sikuyasikia kwao.

"Daktari, tuliambiwa virusi vinaua askari. Sasa kama wamekufa, nani ananipiga?"

Akanijibu, "Hawajafa wote. Waliobaki hawana kamanda."

Baranaba alikuwa anaangalia chini. Akasema, "Hao nawajua."

Unajua hawa Warundi walikimbia nini kwao. Mimi niliuelewa ugonjwa wangu hapo.

Sasa nameza vidonge vya kuwatuliza hao askari. Ubaya wake ni kwamba wakitulia sana, kifua kikuu na maradhi mengine hupata njia. Nikiviacha ghafla, malengelenge yatarudi kwa nguvu. Kwa hiyo daktari ananipunguzia taratibu. Dawa ya virusi vyenyewe amesema bado haijafika hapa nchini. Mdomo umepona, kifua kimekauka, mgongo bado. Uso umevimba kwa vidonge, utadhani nimenenepa mjini. Usifurahi ukiniona.

Tanurini siwezi kurudi. Tumbaku ikishauzwa nitapanda treni kuja huko. Kabla sijaja nakuomba uende hospitali ukapime damu. Sikuamrishi. Ukishapata majibu yako, amua kama nishukie kwako au kwa mama. Luhende anarudi huko, na atakapokuja tena huku mpe jibu kwa mdomo. Ukisema kwa mama, nitashukia kwa mama na sitauliza sababu.

Msalimie mama, lakini habari ya damu niachie nimwambie mwenyewe. Msalimie mjomba wako anayeshona viatu mnadani, na mama mkubwa wa Kulwa aliyetugawia mbegu mwaka ule wa njaa. Watoto waambie baba anakuja. Baranaba anakusalimu. Anasema sungura alimtafuta kwa nia njema.

Neno moja nimebakiza. Ngozi yangu ikivutwa bado inateleza. Ukija kunipokea stesheni ya Malampaka usinikumbatie, itabaki mikononi mwako. Watu wakikuona umesimama kando watasema mke wake anamwogopa, na mimi nitakuwa nakutazama nisijue kama ni kweli. Lakini viganja ugonjwa haukuvigusa. Vina sugu zilezile za kuni.

Nipe mkono.

Mimi mumeo,
Masanja, Baba Kulwa