Rimoti ya Tatu

Nyasubi, Kahama

Baba Silvesta,

Habari za Bugarama? Sisi hapa hatujambo. Silvesta amepona kikohozi, na mpunga wa mama mkwe umeanza kuchanua. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei.

Juzi nilitaka kulitumia gari kwa mara ya kwanza tangu lirudi, rimoti ikagoma kufungua milango. Nikabadilisha betri, ikawa vilevile. Nikachukua ile yako uliyoiacha kabatini, nayo ikagoma. Nikampelekea fundi Magesa zote mbili.

Akazipima, akasema, "Mama Silvesta, hizi ni nzima. Kuna mtu kasajili rimoti nyingine, hizi zikafutika kwenye gari. Mwezi uliopita gari lilikuwa wapi?"

"Bugarama, kwa Baba Silvesta."

Akaanza kufuta mikono ambayo wala haikuwa michafu.

Nilicheka mbele yake, kisha nikaingia kwenye gari nikalia. Mimi nilikuomba ufunguo miaka mitatu ndipo ukanipa. Yeye huyo mwenzangu alikuomba mara ngapi? Kiti cha dereva nilikikuta kimesogezwa mbele kabisa, nikadhani ni Silvesta aliyekuwa anakichezea. Kumbe ni mfupi!

Magesa amezisajili upya rimoti zetu, na hiyo ya tatu imefutika. Mwambie asijisumbue kubonyeza.

Sitakuja huko kugombana. Niandikie jina lake tu. Tangu juzi kila mwanamke mfupi anayenisalimia sokoni namwitikia kwa shida, na wengine ni majirani zangu wema.

Mkeo,
Hosiana